Mwalimu Wa-Nani na Funguo Saba

Kwa miaka thelathini na mmoja, hakuna mtoto wa Isevya aliyepita kwenye lango la shule asubuhi bila kukutana na Mwalimu Gaudensia Ngassa. Alisimama pale tangu saa moja kasoro, mkoba kwapani, kanga ya pili mabegani, macho barabarani. Kusalimu peke yake hakukutosha. Ukishasema shikamoo, naye akishaitikia marahaba, ndipo kazi ilipoanza: wewe ni wa nani? Mtoto alitakiwa ataje jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha mtaa, kisha nyumba anayokaa na nyumba inayopakana nayo, kwa sauti ya kusikika, bila kung'ata kidole na bila kuchora mchanga kwa dole gumba la mguu. Aliyejibu nusu alirudishwa hadi kwenye nguzo ya umeme akaanze upya. Watoto walimwita Mwalimu Wa-Nani. Jina hilo walilirithi kwa wazazi wao, ambao nao walirudishwa kwenye nguzo hiyo hiyo enzi zao, na yeye alilijua vizuri ila alijifanya hajawahi kulisikia.

Tuseme ukweli, kwa hesabu hakuwa mwalimu wa kutisha. Sehemu alizifundisha kwa machungwa, na machungwa yakiliwa kabla ya kipindi kwisha, somo nalo liliishia hapo. Lakini adabu aliijua na aliifundisha kwa moyo wote. Mtoto akionekana pale stesheni anamsogelea mtu mzima, anasalimu vizuri na kujibu kila anachoulizwa mpaka mwisho, watu walisema tu kwamba huyo kapita kwa Gaudensia. Kauli hiyo ilimtosha. Yeye na marehemu mumewe, Kornel, fundi wa reli, hawakujaliwa mtoto, na tangu Kornel afariki alikaa peke yake Mtendeni, kwenye nyumba ya geti la buluu. Ilikuwa imebaki miezi sita astaafu. Kila alipoifikiria siku hiyo alijiambia kwamba kuna watu huacha mashamba na kuna watu huacha majumba. Yeye anaacha watoto wanaojua kujibu mkubwa anapouliza.

Basi ndipo Tanzila alipokuja na lile sanduku lake.

Tanzila alikuwa binti wa muuza vifaa vya ujenzi pale Mtendeni. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, na sasa alifanya kazi na shirika dogo linalowafundisha watoto kujilinda mtandaoni. Miaka kumi na minane nyuma aliketi dawati la mbele darasani kwa Gaudensia, na nguzo ya umeme aliijua. Ndani ya sanduku mlikuwa na miwani sita nyeusi, kubwa, ya kufunika nusu ya uso. Mtoto akiivaa haoni tena darasa. Anajiona yuko katika mtaa mwingine kabisa, wenye maduka na milango, na akigeuza kichwa anaona na kilicho nyuma yake. Wataalamu wanauita uhalisia pepe. Darasa la tano, siku ya kwanza tu, waliuita kusafiri bila nauli.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Mtoto anaanza na funguo saba kiunoni, na kila ufunguo ni siri yake moja: jina kamili, shule, nyumbani, namba ya simu, nywila, picha yake, na saa ambazo wazazi hawapo. Katika mtaa huo anatembea mzee mmoja aitwaye Babu Mpole, kanzu nyeupe, bakora, ndevu zilizochanwa. Huyo amewekwa kuwakilisha wale wanaoingia kwenye simu za watu wakijifanya babu, rafiki au mjomba. Maswali yake yamerekodiwa, na Tanzila, akiwa kwenye kompyuta, ndiye anayechagua lipi lifuate. Mtoto hujibu kwa mdomo. Kila siri inayomtoka, Tanzila anabonyeza, na ufunguo mmoja unaanguka. Ushindi ni kukataa kuzitoa siri hizo na kukimbilia nyumba yenye taa ya kijani, alipo mtu mzima wa kumwambia.

Shirika lilikuwa na sharti lake. Baada ya wiki sita kungekuwa na mtihani, na darasa likibakiza wastani wa funguo nne kwa mtoto, sanduku lingekuwa mali ya shule. Likishindwa, lingehamia shule nyingine. Mwalimu mkuu, Silasi, alikwisha kuchongesha kabati lenye kufuli mbili na kuwatangazia walimu wakuu wenzake wa manispaa nzima, jambo ambalo huenda lilikuwa na haraka kidogo. Darasa la tano lilikuwa la Gaudensia, kwa hiyo mzigo ukamwangukia yeye.

Wa kwanza kuvaa miwani alikuwa Sayi, msichana wa miaka kumi na mmoja, mtulivu, ambaye Gaudensia alimtanguliza popote alipotaka kujivunia darasa. Alisimama katikati ya madawati akipapasa hewa. Babu Mpole akamtokea. Darasa halikumwona Babu Mpole, lilimwona Sayi tu, na Sayi alifanya kile alicholelewa kufanya. Alipiga magoti. Goti la kulia likagonga mguu wa dawati, wala hakujali. Aliinamisha kichwa kuelekea ubaoni na kusema shikamoo babu. Mwalimu Gaudensia alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Alimgeukia Silasi na kumnong'oneza kwamba ameona watoto wengi, lakini kumpigia magoti mzee ambaye hata hayupo, hiyo ni adabu ya kiwango kingine.

Babu Mpole akaanza kuuliza, na Sayi akaanza kujibu. Alitaja jina lake, la baba na la babu, akaongeza bila kuombwa kwamba babu mzaa mama ni wa Nzega. Akaeleza nyumba, ya tatu kutoka mashine ya kusaga, inayopakana na fundi baiskeli. Alipoulizwa kama mama yupo, alisema mama huenda sokoni saa tatu na kurudi saa nane, karibu sana babu. Funguo saba zilianguka kwa dakika moja na sekunde kumi. Akafuata Adinani, mtoto wa kujibu kwa ufupi, ambaye kwa sababu hiyo alimaliza mapema zaidi. Wa tatu alimshukuru Babu Mpole kwa kumjali. Kufika saa sita mchana watoto arobaini na wawili walikuwa wamepita, na darasa zima lilikuwa limebakiza funguo tatu, zote za mtoto mmoja aliyeshikwa na kikohozi mpaka muda ukamwishia. Silasi alitoka nje kupunga upepo.

Tanzila alilijua tatizo. Tatizo lilikuwa limesimama pale mbele na kanga mbili. Lakini utaanzia wapi kumwambia hivyo mtu aliyekufundisha kwamba mkubwa hakosolewi hadharani? Alizunguka sana. Alisema watoto ni wazuri mno. Alisema labda uzuri wenyewe umezidi kidogo. Mwishowe alisema mchezo umetengenezwa na watu wa Dar, na watu wa Dar mwalimu unawajua. Gaudensia akashika hapo hapo. Mashine inayomwadhibu mtoto kwa kumjibu mzee, alisema, ni mashine isiyolelewa. Akataka avae miwani mwenyewe, darasa lione jinsi mtu mwenye akili zake anavyoongea na mgeni.

Wakamvalisha juu ya kilemba. Kwa watu wazima mchezo ulikuwa na njia nyingine kidogo: Babu Mpole hakuja, alikuja kijana nadhifu aliyevaa tai, na kijana huyo alianza kwa kuinama na kusema shikamoo mama. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Gaudensia aliitikia marahaba kwa furaha iliyosikika mpaka darasa la pili. Kijana alimuuliza habari za kazi, naye akamweleza kwamba anastaafu baada ya miezi sita. Alimuuliza anakaa wapi, naye akamweleza geti la buluu, Mtendeni, na kwamba anakaa peke yake tangu Kornel atangulie mbele ya haki. Kijana, kwa huruma iliyorekodiwa, akasema pole sana mama, na ukitoka ufunguo wa nyumba unamwachia nani?

"Nimwachie nani tena, mwanangu," alisema Mwalimu Gaudensia. "Naufukia chini ya kopo la mshubiri, pale mlangoni."

Kisha Adinani, aliyekuwa anafuatilia saa ya ukutani, akatangaza kwa heshima zote kwamba ni sekunde thelathini na nane.

Walicheka, na yeye alicheka nao, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kujificha. Alipoivua miwani, kilemba kimehamia sikio moja, alitafuta swali la kufunika aibu. Akauliza ni nani kati yao amewahi kuulizwa mambo kama hayo kwenye simu na mtu asiyemfahamu. Alitegemea asione mkono hata mmoja. Ilinyooshwa mikono kumi na mmoja. Aliihesabu mara mbili. Mmoja ulikuwa wa Sayi, na alipomuuliza alimjibu nini mtu huyo, Sayi alisimama wima kama alivyofundishwa.

"Nilimjibu yote, mwalimu. Alisema yeye ni mkubwa, na wewe ulisema mkubwa akiuliza hanyamaziwi. Alitaka na picha, ila simu ya mama ikaisha chaji."

Hapo hakuna aliyecheka. Gaudensia aliogopa, maana alielewa kwamba kilichomwokoa Sayi hakikuwa adabu wala akili bali betri mbovu. Kama watoto hawa ni mlango ulioachwa wazi, aliyeuacha wazi ni yeye, asubuhi moja baada ya nyingine, miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo alitembea kwa miguu kutoka Isevya mpaka Mtendeni bila kuitika salamu ya mtu. Alipofika alifukua ufunguo chini ya kopo la mshubiri, akauzungusha nyumba nzima akitafuta maficho mapya, akakosa, akauingiza kifuani.

Siku zilizofuata alisimama langoni kama kawaida, lakini swali liligoma kutoka. Watoto walisema shikamoo, yeye akasema marahaba, na hapo pakaishia. Wengine walitishika hata wakaenda wenyewe kwenye nguzo ya umeme kusubiri. Darasani alijaribu kufundisha kinyume cha alichofundisha siku zote: mtu mzima usiyemjua akikuuliza, nyamaza. Maneno yalimtoka kwa shida, kama mtu anayekula ugali wa baridi. Watoto walijitahidi. Sayi alivaa miwani, akakaza midomo, akanyamaza kweli, na machozi yakaanza kumtiririka chini ya miwani kwa aibu ya kumdharau mzee. Adinani alinyamaza swali la kwanza na la pili, kisha akamwomba Babu Mpole radhi kwa kunyamaza, na kama fidia akampa anwani ya nyumbani. Wastani ukawa ufunguo mmoja na nusu. Silasi alianza kuulizia kama kabati linaweza kutumika kwa chaki.

Jumapili ya wiki ya tatu, baada ya misa, Gaudensia alikaa uani akichambua mchele na kujilaumu. Geti likagongwa, hodi ikapigwa na sauti ya kiume asiyoijua. Aliweka ungo chini, akasogea, na akiwa bado yuko ndani, komeo likiwa mahali pake, akauliza kama alivyouliza maisha yake yote. Wewe ni wa nani? Umepitia njia gani? Umefikia kwa nani? Hapa mjini nani anakufahamu?

Mgeni hakuona vibaya hata kidogo. Alisema yeye ni Kashindye, wa Igunga, mama yake na marehemu Kornel ni watoto wa ndugu. Amekuja na basi la asubuhi, amefikia Isevya kwa shemeji yake, fundi baiskeli, na mama akitaka kuhakikisha, namba ya shemeji hii hapa. Ameleta kuku na habari za harusi.

Gaudensia alikuwa amekwisha kushika komeo, lakini hakulivuta. Ilimjia kwamba tangu azaliwe hajawahi kumpa mgeni wa getini jina lake kabla ya kupata la mgeni mwenyewe, na kwamba hakuna mgeni mwema aliyewahi kukasirika kwa kuulizwa. Bibi yake alikuwa na mji wake kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyokwenda Ujiji, na alisimulia mara nyingi jinsi wapagazi walivyofika wamechoka. Maji walipewa, tena upesi, lakini nje. Hakuna aliyevuka kizingiti kabla hajasema ni wa nani, katokea wapi, na ni nani hapa anayemjua. Watoto wa mji hawakumfungulia mtu; walisalimu, wakauliza, wakakimbia kumwita mwenye nyumba. Mgeni ndiye anayejieleza, mwenyeji anasikiliza. Hiyo ndiyo adabu aliyolishwa, na yeye alikuwa amewapa watoto nusu yake. Miaka yote ile aliwafundisha kuwa wageni wazuri, hakuwafundisha hata siku moja kuwa wenyeji. Na simu ya mama, iliyo mkononi mwa mtoto, nyumbani kwao, ni nyumba yao. Anayebisha hodi humo ndiye mgeni, hata awe na ndevu zilizochanwa namna gani.

Nje ya geti, Kashindye alihamishia kuku kwapa la pili, akauliza kwa unyenyekevu kama kuna swali lingine. Gaudensia alimfungulia, akampa kiti, akampa maji, akamshukuru na kumshukuru tena mpaka kijana wa watu akaona kumbe mama huyu anapenda kuku kupita kiasi. Habari za harusi hakuzisikia vizuri.

Jumatatu watoto wa darasa la tano walikuta mambo yamegeuka. Mwalimu Wa-Nani alikuwa amesimama nje ya lango, wao akawapanga ndani, akawaambia leo yeye ndiye mgeni na hawamjui hata kwa sura. Akapiga hodi. Hakuna aliyethubutu. Mwishowe Adinani alisema shikamoo, na alipoitikiwa, kwa sauti ndogo akauliza, wewe ni wa nani? Lango zima lililipuka kwa kicheko, kwa maana jina la siri la mwalimu lilikuwa limetamkwa mbele ya uso wake. Alisubiri wamalize kucheka. Kisha akawaambia wamsalimu kila mtu, kwa sababu salamu haichukui ufunguo, ila baada ya salamu zamu ya kuuliza ni yao. Tanzila, aliyekuwa pembeni, kwa mara ya kwanza maishani alimkosoa mwalimu wake. Alisema samahani mwalimu, lakini wasikae kupiga soga. Wakishauliza mara moja, ajibu asijibu, wakamwambie mtu mzima, kwa sababu hao watu ni mabingwa wa kujibu. Kisha akatazama chini akisubiri nguzo ya umeme. Gaudensia alimwambia amesema kweli, mtoto hafungui geti, na haijawahi kuwa kazi yake.

Siku ya mtihani alikuja mama mmoja wa makamo kutoka ofisi ya Dar es Salaam, Flavia, ndiye msimamizi wa mchezo. Sayi alivaa miwani. Alipiga magoti, safari hii mbali na dawati, akasema shikamoo babu. Kisha akainuka, akaweka mikono kiunoni, juu ya funguo zake.

"Babu, wewe ni wa nani? Umefikia kwa nani? Hapa kwetu nani anakufahamu?"

Babu Mpole alitabasamu. Tanzila alipekua sauti zote zilizomo kwenye kompyuta na hakukuta hata jibu moja, kwa sababu katika watu wote waliomtengeneza mzee huyo, na walikuwa wasomi watupu, hakuna aliyewaza kwamba siku moja ataulizwa yeye. Ikabidi arudie swali lake la kwanza, unaitwa nani mjukuu wangu. Sayi akamkumbusha, kwa upole, kwamba aliyetangulia kuulizwa ni yeye, na kwamba anakwenda kumwita mama. Akageuka akaenda kwenye taa ya kijani na funguo zake saba zikigongana. Wakafuatana hivyo mpaka mchana. Adinani alitaka hata kujua balozi wa nyumba kumi anayemtambua babu. Babu Mpole aliulizwa ni wa nani mara arobaini na mbili, asijibu hata mara moja, na wengine wakaanza kumwonea huruma kwamba huenda ni mzee asiye na ndugu. Wastani ulikuwa funguo sita na ushei. Flavia alijaza kurasa tatu za daftari, akaomba ruhusa maswali hayo yaingizwe kwenye mchezo kwa ajili ya mikoa mingine. Silasi alifungua kufuli zake mbili mbele ya watu, kisha akazifunga.

Ingekuwa vizuri kama habari ingeishia hapo, Gaudensia ameshinda na kila mtu anapiga makofi. Lakini Jumamosi moja, siku mbili kabla ya sherehe ya kumuaga, simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Akaazima simu nyingine, akanunua laini mpya. Tanzila alikuwa anachapa vyeti vya darasa la tano, ambavyo mwalimu angevigawa kwa mkono wake siku ya kuaga, na alikuwa amekosa taarifa za watoto wawili kama zilivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa. Mwisho wa kuzipokea ulikuwa saa sita. Gaudensia, miwani yake ya kusomea puani, haraka haraka, aliandika ujumbe kwenda simu ya mama yake Sayi na ya baba yake Adinani: Mimi ni mwalimu wenu Gaudensia, hii ni namba yangu mpya, nitumieni sasa hivi jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na picha.

Sayi alijibu baada ya dakika moja. Shikamoo. Wewe ni wa nani? Umefikia kwa nani? Hapa Isevya nani anakufahamu? Nimemwita mama. Gaudensia alijaribu kupiga, akakuta amezuiwa. Jibu la Adinani lilikuwa refu zaidi kidogo: Shikamoo. Mwalimu wetu hana namba hii. Tena angekuwa yeye, angeanza kwa salamu.

Alirudi kuusoma ujumbe wake mwenyewe. Kweli, hakusalimu. Miaka thelathini na mmoja, na siku mbili kabla ya kuagwa, hakusalimu. Alikasirika, kwanza na watoto, halafu na simu, halafu na ndoo. Akatoka, akafunga nyumba, akapanda bodaboda mpaka Isevya, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga. Geti la bati lilikuwa limefungwa. Ndani ilisikika sauti ya mama yake Sayi akisema aje tu, aje huyo tapeli, na mlio wa mwiko ukigonga sufuria. Gaudensia akapiga hodi.

Zikasikika hatua ndogo, zikasimama upande wa pili wa bati. Sayi akasema shikamoo, akaitikiwa, kisha akauliza: wewe ni wa nani?

"Sayi, fungua. Sauti yangu huijui?"

"Dada Tanzila alisema siku hizi hata sauti inatengenezwa."

Ilikuwa sauti ya mtu anayejua karibu kwa hakika kwamba anamweka mwalimu wake juani, na anaona aibu mpaka machozi, na hafungui. Hasira za Gaudensia zilimtoka zote pale pale. Alishusha mkoba chini. Akasimama wima, akaacha kuchezea ncha ya kanga, na kwa sauti ya kusikika akajibu mpaka mwisho. Alisema yeye ni Gaudensia, wa Ngassa, ametokea Mtendeni kwa bodaboda, amefikia hapa hapa kwao, na anayemfahamu katika nyumba hii ni Sayi.

Upande wa pili mwiko uliacha kugonga. Kisha Sayi akasema kuna swali moja limebaki.

"Ufunguo wa nyumba yako unauweka wapi?"

Mwalimu Gaudensia alifungua mdomo. Jibu lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Aliugusa ufunguo kifuani, akaufunga mdomo.

"Hilo sikuambii, Sayi," alisema. "Wewe wala mtu mwingine."

Komeo likavutwa na mama. Sayi alikuwa amekwisha kupiga magoti kabla geti halijafunguka lote, mama yake nyuma na mwiko umefichwa mgongoni. Mwalimu alitaka kuitikia marahaba, ikachelewa kutoka, akamwinua mtoto kwa mikono miwili. Alikuwa analia na hakujali nani anaona. Wakaingia ndani kuandika jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, maana saa sita ilikuwa inakaribia.